Simu nyembamba, za kukunja na za jua: dhana ipi inatufaa?

Wadau, habari zenu, karibuni tena mezani. Leo nina simu mbili hapa mbele yangu, na baadaye tutazungumzia nyingine ambazo nyingi haziuzwi popote. Hizo huwekwa kwenye kabati la kioo katika maonyesho ya Barcelona na Las Vegas, watu wanapiga picha, wanaondoka. Wenyewe wanaziita simu za dhana, maana kampuni inatengeneza moja au chache ili kuonyesha wazo. Swali langu kwa zote ni hili: wazo likishuka kutoka jukwaani mpaka mfukoni mwa mtu wa Kariakoo, Kisumu au Bujumbura, linafika na nini, na nini kimeachwa njiani?

Hii ya kulia ni iPhone Air, iliyotangazwa Septemba 2025. Unene wake milimita 5.6, uzito gramu 165, kioo inchi 6.5. Ukiishika mara ya kwanza mkono unashtuka. Fremu ni ya titani, pembe hazikuumi kiganja, na ukiitia kwenye mfuko wa shati, shati halivutwi chini. Wabunifu wamefanya kazi, na nawapa heshima yao.

Sasa tazameni mgongo, naisogeza karibu. Ile milimita 5.6 imepimwa hapa chini, pasipo na kitu. Hapa juu palipo na kamera pameinuka kwa upana wote wa simu, na unene wa hapo unakaribia mara mbili ya mwili. Ndani ya huo mwinuko ndimo walimobana kamera, prosesa na bodi, ili sehemu yote ya chini ibaki kwa ajili ya betri. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Hata hivyo betri iliyopatikana ni ya mAh 3,149 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na siku ileile ya uzinduzi Apple walitangaza betri ya kubandika mgongoni kwa dola 99, iliyotengenezwa kwa simu hii peke yake. Ukishaibandika, ule wembamba uliolipia dola 999 huupati tena.

Kamera ya nyuma ni moja tu. Spika nayo ni moja, iko juu pale unapoweka sikio. Nacheza wimbo, halafu naweka kidole hapa. Mmesikia? Sauti imezimika. Mtu anayepiga simu ameilaza kifuani au anayetazama mpira amelala ubavu ataliona hilo siku ya kwanza.

Lakini kinachonigusa zaidi ni laini. Simu hii haina tundu la laini kabisa. Inatumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi, na inaweza kuendesha mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye laini ya kazini na ya nyumbani hajafungiwa. Fikirini sasa maisha yetu yalivyo. Umeme umekatika tangu asubuhi, simu imezima, na kuna mteja anataka kukutumia pesa sasa hivi. Tunafanya nini? Tunatoa laini, tunaiingiza kwenye kitochi cha mama au cha jirani, ujumbe wa pesa unaingia, maisha yanaendelea. Namba ya simu kwetu ndiyo pochi. Kile kitrei kidogo cha laini ni mlango wa dharura wa hiyo pochi, na simu iliyouondoa kisha ikawekewa betri ndogo imegusa mahali pabaya mara mbili. Kwa mtu wa hapa siwezi kuipendekeza iwe simu yake pekee, hata kama mfuko unaruhusu.

Ya kushoto ni Infinix Hot 60 Pro+, iliyotoka Julai 2025. Unene milimita 5.95, uzito gramu 155, kioo cha AMOLED cha inchi 6.78 kilichopinda pembeni. Betri mAh 5,160. Hebu zipangeni hizo namba kichwani: tofauti ya unene ni sehemu 0.35 ya milimita, na kwa tofauti hiyo unapata mAh zaidi ya elfu mbili za ziada, na trei ya laini ipo pale pale.

Nisiwadanganye, hizi simu haziko daraja moja. Prosesa ya Infinix ni Helio G200, na A19 Pro ya Apple inaiacha mbali sana. Hot 60 Pro+ inaishia kwenye 4G. iPhone itaendelea kupata masasisho ya programu kwa miaka mingi, na pia inatumia chaji kwa ubahili, kwa hiyo mAh peke yake hazisemi kila kitu. Ila tunachopima leo ni wazo la wembamba, na kwenye wazo hilo Infinix wamenishawishi zaidi, kwa sababu hawakumwomba mnunuzi atoe kafara chaji yake ya siku nzima.

Na angalieni wazo hilo lilikotoka. Machi 2025, kule Barcelona, Tecno walionyesha simu ya dhana waliyoiita Spark Slim, milimita 5.75 na betri ya mAh 5,200. Tecno, Infinix na itel ni ndugu wa tumbo moja, wote wako chini ya Transsion ya Shenzhen. Miezi minne baadaye ikatoka Hot 60 Pro+, na Septemba Tecno wakaleta Pova Slim 5G, nayo milimita 5.95. Dhana ya namna hiyo naiheshimu. Imeonyeshwa masika, kabla ya mwaka kwisha iko dukani, na imepungukiwa kidogo sana njiani.

Tubaki kwenye betri kidogo, maana hapa ndipo ninapoona mageuzi ya kweli, ingawa hayapigiwi makofi. Betri ya simu tuliyoizoea, upande mmoja wake una grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, na hiyo grafiti ndiyo inayopokea litiamu unapochaji. Silikoni inaweza kubeba litiamu nyingi zaidi ya grafiti, kwa hesabu ya maabara karibu mara kumi kwa uzito uleule. Tatizo ni kwamba silikoni ikishiba litiamu huumuka kama unga wa maandazi, mpaka mara tatu hivi ya ukubwa wake, kisha inanywea, na kuumuka na kunywea huko kila siku kunaipasua. Dawa iliyopatikana ni kuichanganya na kaboni inayoishikilia isisambaratike. Honor walianza kuitumia kwenye toleo la China la Magic5 Pro mwaka 2023, na kampuni nyingine za China zikafuata mbio. Aprili 2025 Honor haohao wakatoa simu iitwayo Power yenye mAh 8,000, ambayo mwili wake ni wa kawaida tu. Agosti mwaka huohuo Realme wakaonyesha simu ya dhana yenye mAh 15,000.

Elfu kumi na tano, jamani. Nikiipigia hesabu, hiyo ni nishati ya karibu wati-saa 58, mara tatu ya simu nyingi tulizonazo mikononi. Dereva wa bodaboda anayekaa na ramani wazi kuanzia alfajiri, wakala wa pesa kwenye kibanda kisicho na umeme, muuguzi wa zamu ya usiku zahanati ya kijijini: hao wote wangeacha kutembea na pawabenki. Kwangu mimi hiyo ndiyo simu ya kesho. Haikunjiki, haing'ai, haibadili rangi, na ndiyo ninayoisubiri kwa hamu kuliko zote.

Kwa kubadili rangi, wapo waliofanya. Infinix walionyesha Las Vegas Januari 2024 mgongo wa simu unaobadilika rangi bila kula chaji ukiwa umetulia. Unapendeza. Sina la kuongeza, maana sisi simu tunaitia kava siku ileile tunayoinunua.

Haya, jua. Hii watu wengi mmeniandikia mkiuliza. Kwenye maonyesho yaleyale ya Barcelona ya 2025, Infinix walikuwa na simu ya dhana yenye paneli ya jua mgongoni, inayotoa mpaka wati 2. Afrika Mashariki yenye jua hili lote, nani asingeifurahia? Mimi pia niliposikia nilifurahi, halafu nikachukua kalamu. Betri ya mAh 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Kwa wati 2 kamili, bila wingu wala kivuli, bila chochote kupotea njiani na simu ikiwa imezimwa, unahitaji kuianika zaidi ya saa tisa. Na kuianika juani ndiyo hatari yenyewe, maana hakuna kinachozeesha betri ya litiamu haraka kama joto. Kila aliyewahi kuacha simu kwenye dashibodi ya gari mchana anajua inavyoleta onyo na kugoma.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 2009 Safaricom waliuza Kenya simu iliyoitwa Simu ya Solar, iliyotengenezwa na ZTE, kwa shilingi 2,999 za Kenya. Ilikuwa kitochi chenye paneli, na wakati ule hesabu ilikubali, kwa sababu kitochi kinakula chaji kidogo sana, na jua la mchana lilitosha kukupa maongezi ya jioni. Simu janja inakula nyingi mno kwa paneli ya ukubwa wa kiganja. Paneli ikae kwenye bati, waya ushuke ndani, simu ichajiwe kivulini. Nafikiri kampuni zingetusaidia zaidi zikituuzia chaja inayovumilia umeme unaopanda na kushuka.

Sasa turudi nyuma kidogo. Februari 2008, Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha dhana iliyoitwa Morph kwenye Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Ilikuwa simu ya kupindika, unaweza kuivaa mkononi kama bangili, unaona upande wa pili, inajisafisha yenyewe uchafu na inavuna nguvu ya jua. iPhone ya kwanza ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mwaka 2023 Motorola nao wakaonyesha simu ya dhana yenye kioo cha inchi 6.9 inayozungushwa kwenye kifundo cha mkono. Miaka kumi na mitano katikati, na mpaka leo bangili hiyo huikuti dukani. Wazo la kuvaa simu limechukuliwa na saa janja, tena kwa njia rahisi zaidi.

Za kuviringika nazo ni hivyohivyo. Oppo walionyesha X 2021 mwezi Novemba 2020, kioo kinajitandaza chenyewe kutoka inchi 6.7 hadi 7.4. LG wakaonyesha yao Januari 2021, na Aprili wakatangaza kwamba wanaacha biashara ya simu kabisa. Tecno walikuja na Phantom Ultimate mwaka 2023, inchi 6.55 inakuwa 7.11. Ukizitazama kwenye video moyo unadunda. Mnunuzi, hata hivyo, bado anasubiri. Kioo kikitembea lazima kuwe na mota na upenyo wa kupitia, na upenyo ni mlango wa mchanga.

Dhana iliyoniuma kuikosa ni Ara. Mwaka 2013 mbunifu wa Uholanzi, Dave Hakkens, alitoa video ya simu ya vipande aliyoiita Phonebloks: kamera ikifa unachomoa kipande cha kamera, betri ikichoka unachomoa betri, simu inabaki. Motorola, iliyokuwa chini ya Google, ikaanza mradi wa namna hiyo ulioitwa Ara, na Google wakaufunga Septemba 2016. Sababu zinaeleweka. Kila kipande kinahitaji ganda lake na viunganishi vyake, na simu inaishia kuwa nene na ghali. Lakini nendeni kwa fundi yeyote mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue Nairobi, mwone anavyofanya kazi: kioo cha hii, mfumo wa chaji wa ile, betri ya nyingine, na simu mbili zilizokufa zinazaa moja nzima. Watu wetu wamekuwa wakiishi na simu ya vipande miaka yote, bila kampuni kuwasaidia, tena mara nyingi zikiwazuia kwa gundi na programu zinazokataa kipuri kilichotoka simu nyingine.

Ndiyo maana nilifuatilia sana sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025. Inataka simu mpya zinazouzwa kule ziwe na vipuri vya muhimu vinavyopatikana kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa, masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano, na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Ni sheria ya Ulaya, sawa, lakini simu nyingi tunazouziwa zikiwa zimetumika zilianzia maisha kule. Simu iliyoundwa ifunguliwe kwa bisibisi itakuja kufunguliwa hapa pia. Fairphone wa Uholanzi wanafanya hivyo tayari kwa hiari yao, na natamani Transsion, wanaotuuzia simu nyingi kuliko yeyote Afrika, wachukue wazo hilo kwa bidii ileile waliyoichukulia wembamba.

Tumalizie na za kukunja, maana hizi nazo ni dhana kubwa zilizovuka mpaka dukani, na najua wengi mnazitamani.

Samsung walianza na Galaxy Fold mwaka 2019, dola 1,980. Aprili waliwapa wachambuzi, baadhi wakabandua utando wa juu wakidhani ni protekta, vioo vikafa, na simu ikacheleweshwa mpaka Septemba. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Galaxy Z Fold7 ya 2025 ikifunguliwa ina milimita 4.2, ikikunjwa 8.9. Huawei wakaleta Mate XT Septemba 2024, ya kukunja mara mbili, inchi 10.2 ikitandazwa, kwa yuan 19,999. Samsung wakafuata na yao ya mikunjo miwili Desemba 2025 kule Korea Kusini. Na Tecno walileta Phantom V Fold na V Flip mwaka 2023 kwa bei ya chini kuliko wakubwa, jambo lililofanya dhana hii ionekane hata kwenye maduka yetu.

Shida yetu ni vumbi. Kwenye karatasi ya sifa mtaona herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. Z Fold7 ni IP48. Nane ya maji ni nzuri. Nne ya mwanzo ina maana imezuia vitu vyenye ukubwa wa milimita moja na kuendelea. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, au lile jekundu la Tsavo, punje zake ni ndogo mno kuliko hapo. Zinaingia kwenye bawaba, na kioo kinachokunjika ni laini, kioo chembamba sana chenye utando wa plastiki juu yake. Punje ikikaa chini yake, siku ukifunga simu kwa nguvu inasukuma kutoka ndani. Pixel 10 Pro Fold ya Google, iliyoingia sokoni Oktoba 2025, ndiyo ya kukunja ya kwanza kupata IP68, sita ya vumbi. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 1,799, na Google hawaiuzi rasmi kwetu, lakini kama nina kigezo kimoja cha kununua ya kukunja nikiwa huku, ni hiyo sita.

Ukiuziwa iliyotumika, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Izime, kioo kiwe cheusi, iinamishe chini ya taa ukitazama mstari wa mkunjo. Mstari ulionyooka ni kawaida. Ukiona kijipele au doa linalong'aa kwa rangi karibu na mkunjo, kuna kitu chini. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, uhisi kama kuna mahali panapokwaruza. Ifungue nusu, uiache: bawaba nzima inabaki pale ulipoiacha, iliyochoka inaanguka. Sogeza sikio ukiifunga, usikie kama kuna mchanga unasaga. Kagua utando wa juu pembezoni mwa kioo, na ukikuta umeanza kunyanyuka usimruhusu muuzaji aubandue mbele yako eti akuwekee mpya.

Halafu piga simu kwa fundi wako ukiwa bado pale dukani, umuulize kioo cha ndani cha modeli hiyo anakipata wapi, kwa shilingi ngapi, na kinachukua siku ngapi kufika. Jumlisha na bei unayoambiwa, hiyo ndiyo bei ya simu.

Kama una ya kukunja na umeishi nayo kwenye vumbi, niandikie hapo chini modeli na mkoa ulipo, nitazisoma zote. Jiunge na chaneli kama bado, na tuonane video ijayo.